Tulipoipoteza Marekani

Bariadi
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Mdogo wangu Mayige,

Tumeipoteza Marekani. Ilikuwa Jumanne iliyopita, tarehe 30 Septemba, na mimi nilipata habari kesho yake nikiwa karakanani, nimeshika kamba ya kufungia aproni.

Najua barua huanza na salamu. Ningeanza nazo, ningefika chini ya ukurasa nimepoa, na leo sitaki kupoa. Haya, mwangaluka. Mama hajambo, bado yuko Zagayu na bado hataki kusikia habari ya kuhamia mjini. Nilikwenda kumwona Ijumaa, akaniangalia usoni akauliza nani amekufa. Nikamwambia ni mnunuzi wetu, Marekani. Akauliza, "Ana watoto?" Nikasema wengi. Akasema basi deni watalipa watoto, akarudi kwenye michembe yake ya viazi vitamu. Mvua bado. Watu wanasafisha mashamba ya pamba. Goodness, yule mkata vitambaa wangu, ameolewa mwezi wa nane na bado anafika kazini kabla yangu. Mimi mzima, mguu tu.

Sasa lenyewe. Mlango ule wa kuingiza nguo Marekani bila ushuru umefungwa kwa sababu muda wake umekwisha na hakuna aliyeuongeza. Kampuni ya Dar inayochukua aproni zangu kuzipeleka kule imeniandikia mistari mitatu. Kazi ya miaka miwili, mistari mitatu, na mmoja wao ni "tunakutakia kila la heri". Kwenye aproni moja nilikuwa nabaki na shilingi mia nne. Ushuru ukiingia unazila hizo mia nne, halafu unanidai mia mbili nyingine. Hapo hapana cha kujadili. Nina vyerehani ishirini na vinne, nina wanawake ishirini na wawili, na stoo yangu imejaa kitambaa cheupe ambacho hapa Bariadi hata mtu wa kufungia maiti hakitaki, ni kizito mno.

Kosa langu nalijua. Mwaka 2023 niliacha sare za shule, nikaacha majoho ya kwaya, nikawageuza wote wawe washona aproni, kwa sababu oda ilikuwa kubwa na fedha iliingia tarehe ileile kila mwezi. Hilo ni langu. Lakini wewe, Mayige. Wewe unakaa Geneva, mji uleule wanakozungumzia ushuru wa dunia nzima. Kazi yako ni kuzisomea nchi ndogo mikataba kabla hazijaweka saini. Mwezi wa sita ulikuwa sebuleni kwangu. Ulikula matobolwa ya viazi na karanga sahani mbili, ukatusimulia theluji. Ulikuwa unaijua hiyo tarehe. Hukusema.

Nasema hivi na huku hakuna anayekuringia kama mimi. Picha yako umekaa kwenye ule ukumbi, una vile vipokea sauti vya masikioni, iko ukutani juu ya meza ya pasi. Wanawake wakichoka nawaambia mwangalieni huyo, alichunga ng'ombe peku hapa Zagayu, leo wakubwa wanakaa kimya mpaka amalize kusoma. Picha sijaitoa. Nimeigeuza itazame ukuta, kwa wiki hii tu.

Swali langu ni hili. Mwanza kuna wakala anaitwa Yakobo, wa kampuni moja ya Kichina inayotaka ovaroli za migodini. Anataka vyerehani vyangu vyote, miaka mitatu, na nisimshonee mtu mwingine hata kitambaa cha mezani. Anasema Wamarekani wamekwisha, dunia imehamia kwa Wachina. Nisaini? Au Wamarekani watarudi? Wewe unasikia yanayosemwa huko ndani, mimi nasikia redio.

Sikupigii kwa sababu kwenye simu utanichekesha na mimi nitakata sijajibiwa. Niandikie, na uandike wazi.

Dada yako,
Wilhelmina


Geneva
Jumanne, 11 Novemba 2025

Dada yangu mpendwa,

Mwangaluka. Barua yako imetembea mwezi mzima na siku kadhaa, nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza nimesimama mlangoni na koti bado mwilini.

Siku zile za uchaguzi, mtandao ulipozimwa nyumbani, nilipiga simu yako mpaka vidole vikachoka. Nilipokupata ukasema "tuko wazima" ukakata. Sikuuliza zaidi na wala siulizi sasa. Mpe Mama salamu, mwambie bado nakula.

Flora wangu hajambo, anafanya zamu mbili siku hizi kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee. Masunga wetu ametimiza miaka saba na anaongea Kifaransa kama mtu anayegombana. Asubuhi namsindikiza shule, nikirudi napita sokoni. Viazi vimepanda, lakini kuna mzee Mreno ananiuzia vile vilivyochubuka kwa nusu bei, na vikishaiva huoni tofauti. Nakuandikia jikoni. Ni saa nne, jua limeingia dirishani, jambo ambalo hapa mwezi huu ni la kushukuru.

Kuhusu tarehe. Ilikuwa imeandikwa tangu mwaka 2015, dada, kila mtu aliiona. Waliokuwa wanaitetea kule kwao walisema itaongezwa mwishoni mwishoni kama ilivyozoeleka, na sisi tukawaamini. Mimi nilikaa sebuleni kwako nikiamini hivyo. Picha iache itazame ukuta mpaka utakapoona inatosha.

Kuhusu Yakobo, siwezi kukuambia saini wala usisaini. Niliyoyasikia kwenye vikao ni ya wenye vikao, na kazi yetu yote imesimama juu ya hilo tu. Usikasirike. Nakuandikia niliyoyaona kwa macho, ambayo si ya mtu.

Katika mji huu kuna baraza la rufaa la mashauri ya biashara baina ya nchi. Meza ipo, viti vipo, vinafutwa vumbi. Majaji hawatimii tangu mwaka 2019, na sasa hayupo hata mmoja, kwa kuwa mkubwa mmoja alizuia wapya wasiteuliwe. Nchi ikishindwa kesi inakata rufaa kwenye chumba kitupu, na shauri linalala humo. Zamani mkubwa akikukosea ulijua angalau mlango wa kugonga. Sasa hivi ushuru unapangwa na mtu alivyoamka.

Ukiwa humu unaweza kudhani wadogo wamekwisha. Nilidhani hivyo mimi. Halafu nikakumbuka ngoma za Bagika na Bagalu, uwanja mmoja, makundi mawili yanapiga kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watu wengi upande wake. Tulikuwa tunakimbia huku, tunarudi kule, unakumbuka, wewe ukiwa umenishika mkono nisipotee. Tulijiona watazamaji tu. Lakini yule mganga aliyeongoza ngoma ya Bagalu jasho lilikuwa linamtoka kwa ajili yetu.

Kuna mama mmoja wa nchi ya visiwa, watu wa nchi yake wote hawafikii wa wilaya ya Itilima. Asubuhi alikunywa kahawa na hawa. Mchana alikula na wale. Jioni kila upande ulitaka neno lake, naye akawaambia wote, "Nitauliza nyumbani." Wakamfuata koridoni wamebeba makabrasha yao wenyewe, watu ambao kwa kawaida hubebewa. Nikamwuliza haogopi? Akasema, "Jeshi sina. Nina muda, na nina mdomo." Nilitamani ungekuwepo umwone, maana mimi nilimwangalia nikaona mtu ninayemfahamu, amevaa nguo nyingine tu.

Jambo moja. Umeandika habari za wanawake ishirini na wawili na hukusema wanalipwa na nini sasa.

Mdogo wako,
Mayige


Bariadi
Jumapili, 7 Desemba 2025

Mayige,

Mwangaluka, na huyo baba yangu mdogo Masunga, mrithi wa jina la Baba, mwambie ajifunze pia kugombana kwa Kisukuma, Mama ana hamu ya mtu wa kubishana naye. Mvua imefika. Pamba imepandwa, mahindi yamechungulia. Mama amekohoa wiki moja akaacha. Sayi, yule jirani wa ng'ambo ya barabara, amefungua duka la vocha na anasema atakuwa tajiri kabla ya Pasaka.

Barua yako niliisoma nikakasirika. Nilikuuliza nisaini au nisisaini, ukanijibu ngoma. Mimi si nchi ya visiwa. Nchi ikichelewa kujibu watu wake hawaji mlangoni Ijumaa jioni kudai ujira.

Nikaisoma tena baada ya siku mbili, na tuseme nilipoa.

Sikiliza kilichotokea. Mwandu, yule mrefu wa meza ya mwisho, nyumbani kwao ni Nkoma. Kazi ilipokatika akanifuata, akasema, "Mama, niazime cherehani kimoja nikashone sare nyumbani, Januari shule zinafunguliwa." Nilitaka kusema hapana. Cherehani cha kuazimwa nakijua, kinarudi nusu. Mdomo ulipofunguka nikasikia nimesema neno la Baba. Nikamwambia siazimi, ila ninaweza kubilisa.

Unamkumbuka Baba. Watu wa Zagayu waliona ng'ombe ishirini zizini wakamhesabu mtu wa kawaida. Arobaini wengine alikuwa amewabilisa, walilala Nkoma na Mkula kwa marafiki zake. Maziwa ni ya anayelisha, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na ng'ombe akifa, ngozi inaletwa kwa mwenyewe aione kwa macho. Ule mwaka wa ugonjwa zizi letu likabaki kinyesi kikavu tu. Wiki ya pili ng'ombe wetu wakaanza kuswagwa kutoka Nkoma, wanne, halafu watano, hakuna aliyewadai. Karo yako ya kwanza ilitembea kwa miguu minne. Halafu mimi, mtoto wa mtu huyo, nikakusanya vyerehani vyangu vyote nikavilaza kwenye zizi la Mmarekani mmoja nisiyemjua sura.

Basi vyerehani sita viko Nkoma kwa Mwandu na wenzake. Sita vingine viko Mkula kwa Gloria, mshonaji wangu mwingine, anashona majoho ya kwaya, huko kila kanisa lina kwaya tatu zisizosalimiana. Wanachoshona ni maziwa yao. Katika kila kumi, moja ni ndama wangu. Sindano ikivunjika, iletwe ile iliyovunjika. Mwandu akaniuliza, "Mama, sindano nayo ina ngozi?" Nikamwambia kwangu inayo.

Yakobo alikuja Jumatano. Kijana msafi, viatu vinang'aa hata kwenye tope letu. Akazunguka karakana akahesabu kimoyomoyo.

"Mama, naona kumi na viwili. Vingine viko wapi?"

"Vimekwenda malishoni."

"Lakini mkataba wetu ni vyote."

"Mkataba wetu bado haupo. Upo wako."

"Mama, nakuambia kama mwanao, dunia imehama. Usibaki stendi."

"Imehamia wapi, baba? Yule wa kampuni ya Dar naye alikuwa na viatu kama hivyo. Yeye aliniambia haitahama."

Akacheka. Ni Msukuma wa Magu, malisho ninayosema aliyajua. Akasema tatizo ni bosi wake, hatamwelewa mtu anayetoa vyerehani vinane tu, tena hataki kufungwa asishonee wengine. Nikamwambia mweleze hivi, hata yeye bosi wako ameleta kampuni mpaka Mwanza kwa kuwa hataki kumuuzia mtu mmoja. Atanielewa kuliko unavyonielewa wewe.

Akaomba maji ya kunywa. Akasema atapeleka maneno.

Nikupe haki yako. Yule mama wako wa visiwani nilikaa naye kichwani wiki nzima kabla Yakobo hajafika. Nilimwazimia kiti, nikamwuliza angesema nini. Kama ni hivyo unavyowafundisha hao watu wa nchi ndogo, kwa kuwasimulia mpaka wajione wenyewe, basi ninaelewa kwa nini wanakusubiri umalize kusoma. Picha nimeigeuza. Goodness aliifuta vumbi.

Umeuliza wanawake wanalipwa na nini. Wanalipwa.

Utakuja lini likizo? Mwaka jana ulikuwa umeshaniambia tarehe kufikia mwezi huu.

Wilhelmina


Geneva
Jumatano, 14 Januari 2026

Dada,

Heri ya mwaka mpya, na wabeja kwa barua. Tumekula Krismasi vizuri, Flora alipata siku moja ya kupumzika akalala nusu yake. Theluji imeanguka mpaka usawa wa baiskeli. Masunga amejifunza maneno sita ya Kisukuma kwa simu ya bibi yake na matano kati yake siwezi kuyarudia mbele ya padri.

Ile sehemu ya Yakobo nimeisoma kwa sauti mbele ya Flora, nikafanya sauti zote mbili. Alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake niliisimulia kwa rafiki yangu wa Benin niliyefanya naye kazi miaka mingi. Hakucheka. Aliniomba nirudie pale pa bosi kutotaka kumuuzia mtu mmoja. Akasema, "Serikali ngapi zimelipa washauri na hazijapata sentensi hiyo?" Dada, nimekaa miaka kumi na moja nikiangalia mawaziri wakiingia chumbani na karatasi nzuri, wanatoka wamesaini za wenzao. Wengi walikuwa na akili. Walichokosa ni kile ulichofanya wewe: kupeleka ng'ombe mbali kabla mgeni hajafika kuhesabu. Wanaanza kutafuta rafiki wa pili wakati wa kwanza ameshafunga mlango, na huyo wa pili anaiona njaa machoni.

Sasa la kweli. Atarudi, huyo Yakobo, na atarudi na karatasi nene. Usiangalie bei kwanza, bei wataiweka nzuri. Tafuta ukurasa unaosema mkigombana mtasikilizwa wapi. Ukikuta jina la mji usioweza kufika kwa basi, simama hapo. Halafu tafuta palipoandikwa mkataba unavyokwisha, na nani ana haki ya kuumaliza. Kama ni yeye peke yake, hiyo ni kamba, haijalishi imefungwa na nani, wa mashariki au wa magharibi. Na usisaini lugha ambayo huisomi, hata wakikupa tafsiri iliyopigwa muhuri.

Huku watu wanapunguzwa kila mahali. Wakubwa hawajalipa michango yao, mmoja amesema hatalipa kabisa, na mashirika yanafunga ghorofa moja moja, taa zinazimwa kuanzia juu. Vyumba vilivyokuwa na wataalamu wa pamba, wa samaki, wa dawa, vimebaki na mazulia. Kinachoniuma si majengo. Mtu wa nchi ndogo akifika sasa na mkataba wake wa kurasa mia tatu, hakuna wa kukaa naye usiku kucha amwonyeshe ukurasa wenye mtego. Mimi bado nipo nipo.

Likizo sijajua. Kuna mambo mengi kidogo. Nitakuambia.

Umeandika "wanalipwa" ukaweka nukta. Nimeiona hiyo nukta.

Mayige


Bariadi
Jumapili, 8 Februari 2026

Mayige, mdogo wangu,

Mwangaluka. Mama mzima, anakusalimu na kusema Masunga ana kipaji. Mahindi ya Zagayu yamefika kiunoni, pamba inahitaji palizi ya pili. Sayi hajawa tajiri. Nkoma walishona sare mpaka mafuta ya vyerehani yakaisha, Mwandu ameniletea ndama wangu kwenye mfuko wa sulufeti, sare zimepigwa pasi, na sindano tatu zilizovunjika zimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Nimecheka peke yangu karakanani.

Nimesikia redioni Wamarekani wamefungua tena ule mlango, ila mpaka mwisho wa mwaka huu tu. Alhamisi kampuni ya Dar ikanipigia kwa sauti tamu, inataka vyerehani vyote kama zamani. Nimeipa vinne. Yule mtu akauliza, "Mama, kwani tumekukosea?" Nikamwambia hapana, mlitutakia kila la heri, na heri tumeipata. Kile kitambaa cheupe nacho kimeanza kutoka stoo.

Yakobo amerudi. Bosi wake amekubali vinane bila kunifunga nisishonee wengine. Unaelewa maana yake: alikuja kutaka ishirini na vinne na pingu, ameondoka na vinane na heshima. Karatasi ni kurasa kumi na nne za Kiingereza na nyingine kumi na nne za Kichina. Nimefanya ulivyosema. Ukurasa wa tisa, mkigombana mtasikilizwa Singapore. Nimesimama hapo. Bosi mwenyewe anakuja Mwanza Jumatatu tarehe 9 Machi pamoja na mwanasheria wake, tukae mezani tuumalize. Bei yao ni nzuri kama ulivyosema itakuwa. Nikifanikiwa, wanawake wote wanabaki na wanne wapya wanaingia. Nikisaini vibaya, nimerudi Septemba.

Sasa nikuambie langu, kisha utaniambia lako. Wanawake nimewalipa Oktoba, Novemba na Desemba kwa fedha ya gari langu, ile Noah. Niliiuza. Natembea, ndiyo maana mguu unauma zaidi kuliko nilivyokuandikia. Hukuambiwa kwa sababu ungetuma fedha, na nilikwishajua huna.

Ndiyo, nilijua. Mimi nahesabu kwa kazi, Mayige, siwezi kuacha kuhesabu nikifungua bahasha. Barua ya Novemba uliiandika Jumanne, saa nne asubuhi, jikoni. Ya Januari ni Jumatano. Kwa miaka kumi na moja umeniandikia Jumapili jioni kwa sababu siku nyingine zote ulikuwa ofisini mpaka usiku. Kwa miaka kumi na moja hukujua kiazi kinauzwaje, sasa unamjua muuzaji na unanunua vilivyochubuka. Unampeleka mtoto shule. Flora anafanya zamu mbili. Rafiki wa Benin ni mtu "uliyefanya naye kazi". Halafu unaniandikia kwamba vyumba vya wataalamu wa pamba vimebaki na mazulia, na kwamba wewe upo upo. Mtaalamu wa pamba wa chumba hicho ni nani kama si mtoto wa Masunga wa Zagayu? Flora sijamwuliza, usimlaumu. Nafikiri walikuondoa Septemba, pengine wiki ileile niliyoandika kukulaumu kwamba ulikuwa unajua tarehe. Ulikuwa na msiba wako mezani, ukaufunika, ukanijibu wa kwangu. Hilo nimelifikiria sana. Sijui kama ningeweza.

Sikuiti kwa huruma. Huruma ningekutumia michembe. Nakuita kwa sababu nimekaa na hizi kurasa kumi na nne siku tatu usiku, na kamusi, na nimefika mahali ninaelewa maneno yote na sielewi wanataka nini. Mwanasheria wa hapa mjini ni mzuri kwa viwanja. Kwa nchi hii, na mikoa hii ya pamba yote, namjua mtu mmoja tu aliyekaa miaka kumi na moja akiwaonyesha wadogo ukurasa wenye mtego, na wakubwa wakimsubiri. Wao wamemwacha aende kwa kuwa hawataki kulipa mchango. Hasara ni yao. Nimeshaongea na chama cha msingi cha wakulima wa pamba cha Nkoma na cha Mkula, nao wana karatasi za kigeni kwenye makabati ambazo hakuna aliyezisoma tangu zisainiwe. Nimewaambia nina mtu. Sikuwaambia jina, kwa sababu bado hujakubali. Wapo tayari kuchanga, kila msimu wa ununuzi, kama wanavyomchangia mlinzi wa ghala, na safari hii wanaochanga ni wengi, hakuna mmoja wa kukataa akazima taa zote. Mshahara hautafanana na wa kule. Nyumba ya uani ipo, ina maji. Flora akitaka kazi, wauguzi hapa wanatafutwa kwa tochi. Masunga atapata wa kugombana naye kila asubuhi.

Ukija, bosi wa Yakobo kutoka Guangzhou atakukuta umekaa upande wangu. Usipokuja, nitakwenda peke yangu na nitapigana, na wewe unajua nitapigana. Ila ukurasa wa tisa nitaupita gizani.

Barua hii naituma kwa EMS, posta ya haraka, inanigharimu kuliko jora la kitambaa, kwa hiyo itakufikia mapema na hutasema imechelewa. Usinijibu kwa barua. Usiniandikie kuhusu ngoma wala kahawa ya mtu yeyote. Nataka ujumbe wa simu kabla ya Jumamosi tarehe 28 Februari, saa nne asubuhi. Saa nne na nusu Yakobo anapita kuchukua majina ya watakaokaa upande wetu wa meza. Jina la kwanza nimeandika langu. Mstari wa pili uko wazi, na kalamu ninayo mkononi.

Unakuja, au niufute?

Dada yako,
Wilhelmina